Jinsi ya kuwatumia bakteria wa udongo kufungua fosforasi iliyokwama shambani (kwa wakulima wa Arusha na Moshi)

Kuanzia Ngaramtoni mpaka Marangu kuna tatizo moja ambalo wengi hawalijui kwa jina ila wanaliona kila msimu, mahindi yana wiki tatu tu afu majani ya chini yanaanza kuwa na zambarau kwenye kingo, mmea umedumaa, ukiung'oa mizizi ni michache, na mwenye shamba anakuapia kwamba mbolea ya DAP aliweka tena sio ya kubania. Wengine watakwambia ni baridi. Ni kweli baridi inaweza kuleta hiyo rangi maana mizizi ikipoa inanyonya kwa shida, lakini kama jua limerudi, wiki mbili zimepita na zambarau bado ipo, basi hapo fosforasi, kirutubisho kimojawapo cha mmea kilichomo kwenye DAP, haifiki kwenye mmea. Na mara nyingi kwenye udongo ipo, tena nyingi tu.

Udongo wetu huku juu umetokana na majivu na mawe ya volkano ya Meru na Kilimanjaro. Ni udongo mzuri, mweusi, unashika maji, ila una tabia moja mbaya, una madini ya aluminiamu na chuma ambayo yakikutana na fosforasi yanaikamata kwelikweli. Ukitaka kujua kama wako ni wa aina hiyo chukua udongo wenye unyevu kidogo, uweke kati ya kidole gumba na cha shahada, anza kuusugua kwa nguvu. Mwanzo unaonekana mkavu tu wa kawaida, ukiendelea kukandamiza ghafla unalainika, unateleza na unahisi maji yanatoka. Huo ndo udongo wa volkano unaokamata fosforasi. Ukishuka huku tambarare, Kikatiti, Boma Ng'ombe na kwenda mbele, sehemu nyingi hali inabadilika, udongo unakuwa na chokaa na magadi, pH (kipimo cha asidi ya udongo, chini ya 7 ni asidi) inapita 7, na huko anayekamata ni kalsiamu. Dondoshea siki kwenye udongo mkavu, ukiona mapovu ujue chokaa ipo.

Kwahiyo mbolea unayonunua inaingia kwenye kibubu. Hela ni zako, ziko ndani, ila kuzitoa ndo kazi. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una kama kilo 10 za fosforasi yenyewe, na kwa kawaida mmea unapata kati ya asilimia 10 na 25 tu ya hiyo kwenye msimu uleule, iliyobaki inakamatwa. Udongo unaweza kuwa na miligramu mia kadhaa za fosforasi kwenye kila kilo moja, lakini ile iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo, ambayo ndo peke yake mzizi unaweza kuinywa, mara nyingi haifiki hata miligramu moja kwenye lita. Na haitembei, inasogea milimita chache tu, mzizi usipoifuata haiji.

Hapo ndo wanapoingia bakteria. Kwenye udongo wa shamba lolote lenye uhai wapo tayari, wa jamii ya Bacillus, Pseudomonas, Enterobacter, Burkholderia na wengineo, na kuna kuvu pia kama Aspergillus na Penicillium wanaofanya kazi hiyohiyo. Wanakula sukari zinazotoka kwenye mizizi na kwenye mboji inayooza, na wakishakula wanatoa asidi, hasa asidi ya glukoni, na wengine asidi ya sitriki ile ya kwenye limao. Asidi inafanya mambo mawili, inashusha pH pale pale pembeni ya bakteria, na inashikana na ile kalsiamu au chuma au aluminiamu iliyokuwa imeikumbatia fosforasi, kwahiyo fosforasi inabaki huru. Pia wanatoa vimeng'enya vya kuvunja fosforasi iliyomo kwenye mabaki ya mimea na samadi. Wenyewe wanachukua sehemu yao kwanza, afu wakifa au wakiliwa na viumbe wengine wadogo wa udongo ile nayo inarudi. Mama mmoja wa Kibosho aliniuliza, "Mwanangu, sasa hao wadudu hawatakula kahawa yangu?" Hapana mama, hawa hawali mti ulio hai, wanaishi kwa makombo ya mizizi.

Ila kuna kitu lazima kieleweke kabla hujatoa hela yako: bakteria hawatengenezi fosforasi, wanaifungua tu iliyopo. Tani moja ya punje za mahindi inaondoka shambani na kama kilo 3 za fosforasi, ukiuza mahindi, mabua ukampa ng'ombe na samadi ukauza, hakuna bakteria atakayekuokoa. Na jambo la pili, ambalo mi nalisimamia kuliko yote, bakteria asiye na chakula hafanyi kazi. Hiyo asidi anaitengeneza kutokana na sukari, sasa ukimmwaga kwenye udongo mkavu mtupu usio na mboji unategemea aitoe wapi? Watu wananunua chupa, wanamwaga, hawaoni kitu, wanasema ni utapeli. Anza na chakula, chupa baadaye, na wengine chupa hata hawataihitaji.

Kabla ya yote pima udongo. Chukua sampuli sehemu 10 hadi 15 ukitembea zigizaga, kina cha sentimita 20, usichukue penye lundo la samadi wala palipochomwa taka, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa nusu kilo, anika kivulini. Waulize kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Selian, au bwana shamba wa kata atakuelekeza maabara. Ukipeleka taja wazi unataka pH na fosforasi inayopatikana, na kama pH ikitoka juu ya 7 omba wapime kwa njia ya Olsen, maana njia ya Bray imetengenezwa kwa ajili ya udongo wenye asidi na kwenye udongo wa chokaa inaweza kukudanganya. Hii pH ndo itakwambia ufanye nini na mawe ya fosfeti, tunafika huko sasa hivi.

Kazi yenyewe kubwa ni kutengeneza mboji yenye fosfeti. Sisi watu wa kaskazini tuna bahati ambayo wakulima wengi Afrika hawana, tuna machimbo ya fosfeti (mawe yenye fosforasi) ya Minjingu hapo tu barabara ya kwenda Babati, karibu na Ziwa Manyara. Fosfeti yake imetokana na mabaki ya ndege na samaki wa ziwa la zamani, sio mwamba mgumu wa moto kama ule wa Panda kule Mbeya, kwahiyo inayeyuka kirahisi kuliko fosfeti nyingi za mawe. Ina karibu asilimia 13 ya fosforasi. Kwenye udongo wenye asidi, pH chini ya 6 hivi, unaweza hata kuiweka moja kwa moja shambani na itayeyuka taratibu. Kwenye udongo wa pH 7 na kuendelea ukiiweka hivyohivyo itakaa tu, huko lazima ipite kwenye lundo kwanza. Tafuta ile ya unga laini, sio ya chengachenga iliyochanganywa na naitrojeni, unga ukiwa laini ndo bakteria wanapata sehemu kubwa ya kushambulia. Na tafadhali vaa barakoa unapoimwaga, vumbi lake sio zuri kwa mapafu na fosfeti hii ina kiasi kidogo cha urani, usiwaachie watoto waichezee.

Chagua sehemu yenye kivuli, chini ya migomba panafaa sana, pasipotuama maji. Chini kabisa weka vijiti au mabua ili hewa ipite. Afu unaanza matabaka: majani makavu ya mgomba na mabua yaliyokatwakatwa, juu yake majani mabichi, juu yake samadi, juu yake unga wa Minjingu unanyunyiza kama unaweka chumvi, maji, unarudia mpaka lundo lifike kiunoni au kifuani. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha lundo la kuanzia nusu tani mpaka tani moja, usizidishe ukidhani ndo litakuwa na nguvu, ukizidisha bakteria wanashindwa kuumaliza na unabaki na unga uleule.

Kwenye majani mabichi sikia vizuri. Yale maua ya njano marefu yanayoota kando ya barabara na kwenye mipaka, alizeti mwitu, watu wanayafyeka na kuyachoma, kumbe majani yake yana naitrojeni nyingi, potasiamu nyingi na fosforasi zaidi ya majani mengi ya kawaida, na yanaoza haraka mno. Kata kabla hayajawa na mashina magumu, weka mengi uwezavyo. Ukiweka mabua makavu peke yake mambo yanageuka, maana mabua yana kaboni nyingi ila naitrojeni na fosforasi kidogo, bakteria wanayala huku wakinyonya naitrojeni na fosforasi ya pale wao wenyewe na mmea wako unabaki na njaa kwa muda. Ndo maana mtu anafukia mabua leo, anapanda kesho, afu anashangaa mahindi yamekuwa ya njano na yamedumaa.

Maji yake weka nusu lita ya molasi kwenye ndoo ya lita 20, koroga, nyunyizia kila tabaka. Molasi ya kiwanda cha sukari cha TPC kule chini ya Moshi inauzwa kwa wafugaji, inapatikana kirahisi, na hiyo sukari ndo bakteria wanaigeuza kuwa asidi. Unyevu ukae sawa: chukua konzi moja ya mboji ukamue, yakitoka matone mawili matatu ni sawa, yakichuruzika umezidisha na lundo litanuka, lisipotoa kitu ongeza. Funika na majani ya mgomba.

Majivu usiweke kwenye lundo hili. Najua nyumbani majivu yote yanaenda kwenye samadi toka enzi za bibi, na kwa migomba ni mazuri sana, peleka huko moja kwa moja. Ila majivu na chokaa vinapandisha pH na vinaongeza kalsiamu, yani unapigana na asidi ileile unayoihitaji ikamilishe kazi.

Baada ya siku chache lundo litachemka, ukichomeka kijiti na kukitoa kinakuwa cha moto mkononi. Wiki ya pili au ya tatu geuza, ya nje iingie ndani, rudishia maji kama limekauka. Geuza tena baada ya wiki tatu nyingine. Likishapoa ndo wakati mzuri wa kuongeza bakteria wa chupa kama umenunua, usiwaweke mwanzoni maana ule moto unaopita nyuzi 60 unawaua wengi. Kama hujanunua, chukua ndoo moja ya udongo mweusi wa juu kutoka kwenye kihamba kikongwe, pale chini ya migomba na kahawa ambapo majani yameoza miaka na miaka na ukichimbua unakuta minyoo, changanya kwenye lundo. Mi hapo sikuahidi ni aina gani ya bakteria umewapata, lakini ni wa hapahapa, wamezoea udongo huu na baridi yake, na hilo lina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Miezi miwili hadi mitatu, huku juu kwenye baridi kama Machame au Ngarenanyuki inaweza kuzidi, mboji inakuwa nyeusi, haina joto, inanukia udongo wa mvua.

Sasa chupa na mifuko ya madukani. Sayansi yake sio ya jana, mwaka 1948 mtafiti Pikovskaya wa Urusi alieleza namna ya kuwatambua bakteria hawa, unawaotesha kwenye sahani yenye fosfeti ya kalsiamu isiyoyeyuka, chakula chote kinakuwa cheupe kama maziwa, na pale bakteria anapoyeyusha inatokea duara safi kumzunguka. Wasovieti wakaja kutumia Bacillus megaterium kwenye mashamba makubwa. Lakini shamba sio sahani, bakteria anayeng'aa kwenye kalsiamu anaweza kushindwa kabisa kwenye aluminiamu ya udongo wa Meru, na matokeo ya mashambani duniani kote yanapishana mno. Kwahiyo dukani soma lebo: jina la bakteria limeandikwa? Idadi ya walio hai kwa gramu au mililita ipo? Unataka kuona milioni 100 na kuendelea. Tarehe ya mwisho? Imesajiliwa na TFRA, mamlaka ya mbolea? Na angalia ilipokaa, kama chupa imepangwa dirishani jua linapiga toka asubuhi, achana nayo hata kama bei imeshushwa. Wa jamii ya Bacillus wanavumilia zaidi kwa sababu wanatengeneza mbegu ngumu za kujikinga, Pseudomonas wakikauka wanakufa haraka.

Kupaka kwenye mbegu: vijiko viwili vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, lowesha mbegu kidogo tu zinate, mwagia unga wa bakteria kwa kipimo cha lebo, changanya, anika kivulini, panda siku hiyohiyo, jioni au siku ya mawingu, fukia mara moja. Maji ya bomba la mjini yana klorini, yalaze usiku kwenye ndoo iliyo wazi kwanza, au tumia ya mvua au ya mfereji. Zile mbegu za mahindi za dukani zenye rangi ya pinki au ya kijani zimepakwa dawa ya kuvu, na nyingi zina dawa ya wadudu pia, usizipake, bakteria watakufa, badala yake changanya bakteria na mboji uweke kwenye shimo chini ya mbegu. Miche ya nyanya na kabichi chovya mizizi kwenye uji mwepesi wa bakteria na mboji kwa dakika 20 hivi kabla ya kupandikiza. Kahawa, parachichi na papai changanya kabisa kwenye udongo wa viriba, hapo ndo mahali pazuri kuliko pote kwa maoni yangu, mche unatoka kitaluni mizizi yake tayari imezoeana na bakteria.

Kiasi cha mboji: mahindi na maharage viganja viwili kwa shimo, changanya na udongo, weka mbegu juu. Kahawa debe moja kwa mti, sio kwenye shina, tandaza chini ya matawi yanapoishia maana mizizi ya kunyonya iko huko, funika na majani. Migomba debe moja hadi mawili kwa shina zima.

DAP usiiache ghafla. Punguza kwa kupima, tena pima kwa haki. Gawanya kipande cha shamba mistari mitatu inayofanana: wa kwanza DAP kiasi chako cha siku zote, wa pili nusu DAP na mboji ya fosfeti, wa tatu nusu DAP peke yake. Huo wa tatu watu huwa wanauruka na ndo wa muhimu, kwa sababu kama nusu DAP peke yake ikikupa mavuno yaleyale basi ulikuwa unazidisha DAP miaka yote na mboji haina cha kujisifia. Pia fosforasi nyingi iliyoyeyuka inawafanya bakteria wengi wapunguze kutoa asidi, kwahiyo kuwapa bakteria na DAP nzima kwa pamoja ni kulipa mara mbili. Wiki ya nne ng'oa mmea mmoja kila mstari, utikise taratibu. Mizizi yenye uhai inatoka na koti la udongo limeshikilia kwenye vinywele vyake, ukiuosha unaona mizizi midogomidogo mingi nyeupe. Mizizi mitupu inayotoka misafi kama umeiosha ni dalili mbaya.

Watu wa kahawa, kuna jambo lenu. Mrututu na dawa zingine za kopa (shaba) mnazopigia chulebuni na kutu ya majani zinadondoka chini, na kopa haiozi, inajikusanya kwenye udongo mwaka hadi mwaka mpaka inawaumiza bakteria na kuvu wa udongo. Sisemi mwache kupiga, kahawa itaisha, ila pigeni kwa kipimo na kwa wakati, na mkipata nafasi ulizeni kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI Lyamungo kuhusu aina mpya za kahawa zinazovumilia hayo magonjwa, kopa itapungua yenyewe. Kuchoma majani shambani pia acheni, mnachoma chakula cha bakteria.

Mwisho wa mambo ya kufanya ni mazao ya kuchanganya. Mbaazi mizizi yake inatoa asidi inayoweza kufungua hata fosforasi iliyoshikwa na chuma, ngwara nayo inafunika udongo na kuwalisha bakteria wakati mahindi yameshakauka. Panda kati ya mistari ya mahindi wakati wa masika, ukishavuna mahindi viache viendelee mpaka vikomae, vuna punje, majani yote yabaki chini. Kama unalenga vuli basi lundo la mboji lianze mwezi wa saba, ili mvua za mwezi wa kumi na kumi na moja zikute limeiva. Ikibaki mboji usiianike juani, jaza kwenye viroba vinavyopitisha hewa, weka kivulini, nyunyizia maji kidogo kila ukiona imeanza kukauka.